Kila Ukaguzi Uwanjani Una Shambulio Lake

Vituo vya ukaguzi anavyopitia abiria katika viwanja vya Julius Nyerere, Jomo Kenyatta au Entebbe havikuwekwa kwa siku moja, wala havikubuniwa na kamati moja. Mashine ya eksirei ya mizigo ya mkononi ilienea baada ya wimbi la utekaji nyara wa mwaka 1972. Sharti kwamba begi lisisafiri bila mwenyewe lilikazwa baada ya ndege kulipuliwa mwaka 1985 na mwaka 1988. Abiria walianza kuvuliwa viatu baada ya Desemba 2001, na chupa za maji zikaanza kuachwa mlangoni baada ya Agosti 2006. Usalama wa anga umejengwa kwa kujibu shambulio lililokwisha kutokea. Ndiyo maana una nguvu pale ulipowahi kuumizwa, na unabaki dhaifu pale ambapo adui hajapita bado.

Katika miaka ya 1960 safari ya ndege nchini Marekani haikuwa na ukaguzi wowote. Abiria alitembea na begi lake hadi kwenye ngazi ya ndege, na ndugu zake wakamsindikiza mpaka karibu na mlango. Ndege ya kwanza ya Marekani kupelekwa Cuba kwa nguvu ilitekwa tarehe 1 Mei 1961. Kati ya mwaka 1968 na 1972 matukio ya namna hiyo nchini humo yalizidi 130. Wengi wa watekaji walikuwa watu wenye matatizo yao binafsi: wakimbizi, wahalifu, wagonjwa wa akili, na waliodhani Havana itawapokea kama mashujaa. Mashirika ya ndege yalihesabu utekaji kuwa gharama ya biashara. Wahudumu walielekezwa wasibishane na mtekaji, na marubani walibeba ramani za uwanja wa Havana hata kama safari yao ilikuwa ya ndani. Wenye mashirika walipinga upekuzi kwa hoja moja, kwamba abiria akipekuliwa kama mshukiwa ataikimbia ndege na kurudi kwenye gari lake. Hoja hiyo iliwagharimu abiria miaka minne ya hatari ambayo ingeweza kuzuiwa.

Utekaji wa kisiasa ulianza kwa sura nyingine. Tarehe 23 Julai 1968 wapiganaji wa chama cha Popular Front for the Liberation of Palestine waliiteka ndege ya shirika la Israeli la El Al iliyotoka Roma na kuipeleka Algiers. Mtekaji wa Cuba alitaka usafiri. Hawa walitaka dunia iwasikilize, na abiria waligeuka kuwa bidhaa ya kubadilishana na wafungwa. Mnamo Septemba 1970 chama hichohicho kilijaribu kuteka ndege kadhaa kwa mpigo. Ndege za TWA, Swissair na BOAC zilipelekwa kwenye uwanja wa jangwani karibu na Zarqa, Jordan, uliojulikana kama Dawson's Field, na kulipuliwa tarehe 12 Septemba mbele ya kamera za televisheni baada ya kuondolewa watu. Ndege ya Pan Am ililipuliwa Cairo. Ile ya El Al peke yake haikutekwa, kwa sababu rubani aliishusha ghafla kwa kasi na walinzi waliokuwa ndani wakawadhibiti watekaji.

El Al ilikuwa imeshajifunza kutokana na tukio la Algiers. Iliweka walinzi wenye silaha waliovaa kiraia, ikaimarisha mlango wa chumba cha marubani, na ikaanza kuwahoji abiria mmoja mmoja kabla ya safari. Hakuna ndege yake nyingine iliyotekwa tangu hapo. Mashirika mengine yalikuwa na mfano huo mbele yao kwa zaidi ya miaka 30, lakini hayakuufuata hadi maelfu ya watu walipokufa. Ni kweli kwamba shirika dogo lenye ndege chache na ruzuku ya serikali haliwezi kulinganishwa moja kwa moja na kampuni inayorusha maelfu ya safari kwa siku. Ni kweli pia kwamba mahojiano ya El Al yamewatesa wasafiri wengi Waarabu na Waislamu kwa sababu tu ya majina yao. Hata hivyo, mlango imara haumbagui mtu, na haukuwa na sababu ya kusubiri.

Sheria ilifuata nyuma kwa mwendo wa pole. Mkataba wa Tokyo wa mwaka 1963 ulikuwa umempa rubani mamlaka ya kumdhibiti mtu anayehatarisha ndege, lakini ulikuwa kimya kuhusu adhabu ya mtekaji. Mkataba wa The Hague wa Desemba 1970 ndio ulioziba pengo hilo: nchi inayomkamata mtekaji ama imshtaki yenyewe, ama imkabidhi kwa nchi nyingine imshtaki. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1971 ukaongeza makosa ya kuharibu ndege na kuweka mabomu. Mwaka 1974 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, likapitisha Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago, ambacho hadi leo ndicho kipimo cha usalama kwa kila uwanja wa kimataifa.

Ukaguzi wa lazima wa abiria wote haukuletwa na Dawson's Field. Ulitokana na ndege ya Southern Airways iliyotekwa tarehe 10 Novemba 1972 na wanaume watatu waliodai dola milioni 10 na kutishia kuiangusha juu ya kituo cha nyuklia cha Oak Ridge, Tennessee. Kwa mara ya kwanza maofisa wa Marekani walilazimika kuiona ndege kama silaha inayoweza kuua watu walio chini. Kuanzia tarehe 5 Januari 1973 kila abiria na kila begi la mkononi vilikaguliwa, na matukio ya utekaji nchini humo yakaporomoka mwaka huohuo. Abiria hawakukimbia. Walipanga foleni, wakapita, wakapanda. Lakini kazi ya ukaguzi ilikabidhiwa mashirika ya ndege, nayo yakaipa kampuni za ulinzi zilizotoza bei ndogo kuliko nyingine. Kosa hilo lilidumu miaka 28.

Nje ya Marekani ukaguzi ulitegemea uwanja, na watekaji walijifunza haraka kuchagua pa kupandia. Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa njia hiyo. Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv kwenda Paris ilisimama Athens, uwanja uliojulikana kwa ukaguzi legelege. Wapalestina wawili na Wajerumani wawili walipanda hapo wakiwa na silaha, wakaiteka, wakaipitisha Benghazi na kuitua Entebbe, ambako Idi Amin aliwapokea. Watekaji waliwatenga abiria Waisraeli na Wayahudi, wakawaachia wengi wa waliobaki. Rubani Michel Bacos na wenzake walikataa kuondoka bila abiria wao. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomando wa Israeli walivamia jengo la uwanja na kuwaokoa mateka 102. Mateka watatu walikufa katika mapambano, pamoja na kamanda wa kikosi, Yonatan Netanyahu, na askari wengi wa Uganda. Dora Bloch, mateka mzee aliyekuwa amelazwa hospitali ya Mulago, aliuawa baadaye kwa hasira za utawala. Kwa kuwa ndege za Israeli ziliruhusiwa kutua Nairobi, hasira hizo ziliwageukia pia Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda, na wengi waliuawa. Ulegevu wa walinzi wa Athens ulilipiwa na wachuuzi na vibarua waliokuwa hawajawahi kupanda ndege maishani mwao.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Mogadishu. Ndege ya Lufthansa iliyotekwa tarehe 13 Oktoba 1977 ikitoka Palma de Mallorca ilizungushwa hadi Aden, ambako rubani wake, Jürgen Schumann, aliuawa. Ilipotua Mogadishu, kikosi cha Kijerumani cha GSG 9 kiliivamia usiku wa tarehe 18 na kuwatoa mateka wote wakiwa hai. Baada ya Entebbe na Mogadishu, serikali nyingi ziliunda au kuimarisha vikosi vya aina hiyo. Watekaji nao wakajua kwamba kuizuia ndege uwanjani kwa siku nyingi kunawapa makomando nafasi ya kujiandaa.

Tanzania haikusalimika. Februari 1982 ndege ya Boeing 737 ya Air Tanzania, iliyokuwa katika safari ya ndani kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, ilitekwa na vijana waliotaka Rais Julius Nyerere ajiuzulu. Ilipitishwa Nairobi, Jeddah na Athens kabla ya kutua Stansted, Uingereza, ambako watekaji walijisalimisha na baadaye wakafungwa.

Katika miaka ya 1980 hatari ilihamia kwenye sehemu ya mizigo. Ndege ya Air India ililipuka karibu na pwani ya Ireland tarehe 23 Juni 1985 na kuua watu 329. Begi lenye bomu lilikuwa limepakiwa bila mwenyewe kuwamo. Tarehe 21 Desemba 1988 ndege ya Pan Am ililipuka juu ya Lockerbie, Scotland, na kuua watu 270, na miaka mitatu baadaye kampuni hiyo iliyokuwa fahari ya Marekani ikafunga milango. Kulinganisha kila begi na abiria wake kukawa sharti la safari za kimataifa.

Onyo kubwa kuliko yote lilitolewa mara mbili katika miaka ya 1990, na halikusikilizwa. Siku moja kabla ya Krismasi ya mwaka 1994 wapiganaji wa kundi la GIA waliiteka ndege ya Air France mjini Algiers, na wapelelezi wa Ufaransa wakaamini kwamba nia yao ilikuwa kuiangusha Paris. Makomando waliwaua watekaji hao Marseille. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilitekwa na vijana watatu waliotaka kupelekwa Australia. Rubani Leul Abate aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi, wakakataa kumwamini. Alifuata pwani ya Afrika kadiri alivyoweza, mafuta yakaisha, akaishusha ndege baharini karibu na ufuo wa Ngazidja, Comoro. Watu 125 kati ya 175 walikufa, akiwemo mpigapicha Mkenya Mohamed Amin, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia zilikuwa zimeigusa dunia mwaka 1984. Baadhi ya waliokufa walikuwa wamepulizia maboya yao ya kuvaa wakiwa bado ndani, maji yakawanyanyua hadi kwenye dari na kuwanasa humo. Matukio haya mawili yalionyesha kwamba mtekaji anaweza kuwa mtu asiyejali kuishi, au asiyejua mipaka ya ndege aliyoikamata. Kanuni ya kumtii mtekaji ili ndege itue salama ilikuwa imeshavunjika. Vitabu vya mafunzo ya wahudumu viliendelea kuifundisha.

Asubuhi ya tarehe 11 Septemba 2001 watu 19 wa Al-Qaeda waliteka ndege nne nchini Marekani. Mbili zilipiga majengo ya World Trade Center, moja ikapiga Pentagon, na ya nne ikaanguka Shanksville, Pennsylvania. Waliouawa, bila kuwahesabu watekaji, walikuwa 2,977. Visu vyenye makali yasiyofika inchi nne viliruhusiwa ndani ya ndege wakati huo. Mfumo wa kompyuta wa kuwachuja abiria uliwatilia shaka zaidi ya nusu ya watekaji, lakini sheria ilielekeza tu kwamba mizigo yao ya tumboni mwa ndege ishikwe hadi wao wenyewe wapande. Wazo lilikuwa kwamba mwenye bomu hatapanda ndege atakayoilipua. Ngao iliyotengenezwa kwa ajili ya Lockerbie iliwaruhusu kupita watu waliokusudia kufa.

Anga ya Marekani ilifungwa. Ndege zaidi ya 4,000 ziliamriwa kutua mara moja, na mji mdogo wa Gander nchini Canada ukapokea 38 kati ya zile zilizokuwa zikivuka Atlantiki, zikiwa na abiria karibu 7,000. Novemba mwaka huo sheria ikaunda taasisi ya serikali ya ukaguzi, TSA, na kazi ikatoka mikononi mwa kampuni za bei nafuu ambazo wafanyakazi wake walilipwa chini ya wauza vyakula wa uwanja huohuo. Kufikia Aprili 2003 kila ndege ya abiria ya Marekani ilitakiwa kuwa na mlango wa chumba cha marubani usiopenywa na risasi wala kuvunjwa kwa mateke, na ICAO ikalifanya sharti hilo kuwa la kimataifa kuanzia Novemba 2003. Askari wa siri wa angani, waliokuwa 33 tu siku ya shambulio, wakaongezwa hadi maelfu. Orodha ya watu wasioruhusiwa kuruka ilikuwa na majina yasiyofika 20, nayo ikafikia maelfu kwa maelfu. Mzigo wa orodha hiyo uliwaangukia watu wenye majina kama Mohamed, Ali na Hassan, majina yanayobebwa na nusu ya mtaa katika miji ya pwani yetu. Mwanafunzi au mfanyabiashara asiye na kosa aliweza kuzuiwa kwa saa nyingi kwa sababu amefanana jina na mtu asiyemjua. Dhuluma hiyo haikumkamata gaidi yeyote kwa kufanana jina, na iliwafanya watu wema waone aibu mbele ya watoto wao.

Kibiashara, pigo lilikuwa zito. Ndani ya siku 11 Bunge la Marekani liliidhinisha msaada wa dola bilioni 5 na dhamana ya mikopo ya dola bilioni 10. Kampuni za bima zilifuta au kupunguza kinga ya hatari za vita, na serikali nyingi zikalazimika kubeba dhamana hiyo ili ndege ziruke. Swissair na Sabena, zilizokuwa tayari na madeni, zilianguka kabla ya mwaka kwisha. US Airways na United ziliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2002, kisha Delta na Northwest mwaka 2005, na baadaye makampuni hayo yakamezana hadi soko la Marekani likabaki mikononi mwa wachache. Wengine waliona nafasi. Ryanair iliagiza ndege 100 za Boeing mnamo Januari 2002, wakati bei zimeshuka. Emirates ilitangaza Novemba 2001 oda ya ndege 58 yenye thamani ya dola bilioni 15, na mkondo wa abiria wa Afrika Mashariki uliozoea kupita Ulaya ukaanza kugeukia Ghuba. Barabara nazo zilivuna vifo: mtafiti wa Ujerumani Gerd Gigerenzer alikadiria kwamba Wamarekani wapatao 1,500 zaidi walikufa katika mwaka uliofuata kwa sababu walichagua gari badala ya ndege.

Kenya ililipa gharama yake. Tarehe 28 Novemba 2002 makombora mawili ya kubebwa begani yalirushwa kuilenga ndege ya Israeli iliyokuwa ikipaa kutoka Mombasa. Yalikosa, lakini hoteli ya Paradise huko Kikambala ililipuliwa asubuhi hiyohiyo na Wakenya wengi wakafa. Mei 2003 Uingereza ilisimamisha ndege zake kwenda Kenya kwa wiki kadhaa, na wenye hoteli, madereva na wavuvi wa pwani wakabaki bila wageni. Mwaka 2009 safari ya kwanza ya Delta kwenda Nairobi ilizuiwa na maofisa wa usalama wa Marekani siku ilipotakiwa kuanza. Safari ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York haikuwezekana hadi Oktoba 2018, baada ya Kenya kutumia fedha nyingi kurekebisha viwanja na usimamizi wake wa anga. Nchi ambazo hazikuzalisha tatizo hilo zilitakiwa kufikia kipimo kilichoandikwa na wengine, na gharama yake iko ndani ya bei ya kila tiketi.

Je, nini kimefanya kazi kweli? Mambo mawili yameshinda mengine kwa mbali: mlango wa chumba cha marubani, na mabadiliko katika fikra za abiria. Watu 40 waliokuwa katika ndege ya United iliyoanguka Shanksville walipata habari za majengo kwa simu, wakaamua kupigana. Desemba 2001 Richard Reid alipojaribu kuwasha baruti iliyokuwa kwenye kiatu chake, abiria na wahudumu ndio waliomfunga kwa mikanda. Krismasi ya mwaka 2009, ndani ya ndege iliyokuwa ikielekea Detroit, abiria ndio tena waliomkamata kijana wa Kinigeria aliyeficha baruti nguoni. Mashine, kwa upande wake, haijastahili sifa zote inazopewa. Mwaka 2015 iliripotiwa kwamba wapimaji wa siri walipitisha silaha na mabomu ya bandia katika viwanja vya Marekani mara 67 kati ya 70. Sharti la kuvua viatu liliondolewa nchini humo Julai 2025.

Mlango nao ulileta msiba wa aina yake. Novemba 2013 rubani wa shirika la LAM la Msumbiji alimfungia nje msaidizi wake na kuiangusha ndege nchini Namibia ikiwa na watu 33. Februari 2014 rubani msaidizi wa Ethiopian Airlines alimfungia nje nahodha wake na kuipeleka ndege Geneva ili aombe hifadhi. Dunia haikushtuka hadi Machi 2015, rubani msaidizi wa Germanwings alipofanya kitendo kama cha Msumbiji katika milima ya Alps na kuua watu 150. Laiti maiti za Namibia zingepewa uzito sawa na zile za Ulaya, kanuni ya kuwa na watu wawili chumbani ingeweza kuenea mapema.

Pengo lililo wazi zaidi leo ni mlango wa wafanyakazi. Tarehe 2 Februari 2016 bomu lililofichwa ndani ya kompyuta mpakato lilitoboa ubavu wa ndege ya Daallo Airlines dakika chache baada ya kupaa kutoka Mogadishu. Aliyekufa ni mlipuaji mwenyewe, na marubani wakairudisha ndege chini. Kamera za uwanja zilionyesha kompyuta hiyo ikikabidhiwa kwake na watu wa ndani, baada ya ukaguzi. Mahakama ya kijeshi iliwahukumu wawili kifungo cha maisha. Utekaji wenyewe haujafutika katika mipango ya makundi hayo: Novemba 2024 baraza la mahakama mjini New York lilimtia hatiani Mkenya aliyesomea urubani nchini Ufilipino kwa kutumwa na Al-Shabaab, akichunguza jinsi ya kuupenya mlango wa chumba cha marubani.

Serikali za Afrika Mashariki hununua mashine mpya kila baada ya kashfa, na kuzizindua kwa hotuba. Mbeba mizigo, mfagiaji wa ndege na mkaguzi wa zamu ya usiku, ambao wana vibali vya kupita milango isiyo na foleni, wanaajiriwa kwa mikataba ya muda mfupi kupitia kampuni zinazoshindania bei ya chini, kama ilivyokuwa Marekani kabla ya Septemba 2001. Mamlaka za viwanja zinapaswa kuwaajiri moja kwa moja, kuwachunguza kila mwaka, kuwakagua kila wanapoingia eneo la ndege, na kuwalipa mshahara ambao mwenye fedha za Al-Shabaab hataweza kuupita kwa urahisi.